Leseni za Setilaiti Ziikumbuke Busunzu

Kampuni ya Marekani iitwayo Starlink, ambayo huuza intaneti kwa njia ya setilaiti, ilianza kutoa huduma nchini Rwanda na Kenya mwaka 2023, ikaingia Burundi mwaka 2024, na mwaka 2025 ikapewa leseni huko Kongo, ambako mwaka mmoja kabla ilikuwa imepigwa marufuku. Kwa mwananchi wa Busunzu, wilayani Kibondo, habari hizi si za mbali. Burundi ni jirani yake, na mawimbi yatokayo juu hayasimami mpakani kungoja kukaguliwa.

Wapo wanaosema kwamba mlango ufunguliwe tu, kila mwenye fedha anunue sahani yake na kuifunga juu ya bati. Sisi hatukubaliani nao. Masafa ya redio ni mali ya taifa kama ilivyo ardhi, na taifa lisilojua nani anayatumia haliwezi kujilinda wala kuwalinda wateja. Ndiyo sababu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wa leseni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kampuni za hapa nchini zimeufuata utaratibu huo. Hatuoni kwa nini tajiri wa ng'ambo asamehewe.

Hata hivyo leseni si kizuizi tu. Leseni ni mapatano, na katika mapatano kila upande hudai chake.

Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilijiunga na nchi nyingine za ikweta katika Azimio la Bogotá. Zilidai kwamba njia ya setilaiti iliyo kilometa zipatazo 36,000 juu ya ikweta ni sehemu ya mali yao. Mataifa makubwa yalilikataa dai hilo kwa kutaja mkataba wa mwaka 1967, ambao unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Dai lilishindwa. Lakini swali lililokuwa ndani yake halikuwa la kipuuzi: je, wanaopitisha mitambo yao juu ya vichwa vya maskini wana wajibu gani kwao? Setilaiti za Starlink huzunguka karibu zaidi na ardhi, na swali ni lile lile. Kupita angani hatuwezi kuwatoza ushuru. Kuuza ardhini tunaweza kuwawekea masharti.

Bunge lilikwisha kuonyesha njia lilipotunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote mwaka 2006, kwa kukubali kwamba biashara peke yake haitafika kila kijiji. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hiyo ni kazi ya kupongezwa. Lakini katika nchi ya milima kama Buha, kilima kimoja hukata mawasiliano ya bonde zima, na mnara usio na njia imara ya kuuunganisha na mtandao ni chuma kilichosimama tu. Hapo setilaiti ingekuwa na manufaa makubwa.

Tatizo ni bei. Sokoni pakiachwa hivi hivi, sahani zitanunuliwa na hoteli, mashirika na wafanyabiashara wa mijini, ambao tayari wana mtandao. Mkulima wa maharage hatanunua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwenye leseni ya namna hii alazimishwe kufunga mitambo, kwa bei ya jumla, katika zahanati, shule za sekondari na ofisi za kata zisizo na mawasiliano ya uhakika, na gharama inayobaki ilipwe na Mfuko. Mganga wa zahanati aliyezidiwa na mgonjwa usiku wa manane apate kuiita gari ya hospitali ya wilaya bila kupanda kilimani kutafuta mtandao. Taarifa ya utekelezaji itolewe bungeni kila mwaka, kata kwa kata, na atakayeshindwa atozwe faini inayouma.

Masharti hayo yaandikwe kabla ya leseni yoyote ya aina hii kutolewa au kuhuishwa. Wino ukishakauka, kampuni haitakuwa na sababu ya kutusikiliza.