AIBU HII NI YA NANI?



Safari hii twataka kusema juu ya jambo ambalo hatujapata kuliandika katika karatasi hii, wala kulitaja katika mikutano yetu. Jambo lenyewe ni hedhi. Twajua wako watakaoguna wakiliona neno hilo. Na wagune, lakini wasome mpaka mwisho.

Wanawake ni wengi katika mashamba ya chai ya Kericho, katika maua ya Naivasha na katika viwanda vya nguo vya Athi River. Kila mwezi, kwa siku 3, 5 au hata 7, hufanya kazi wakiwa katika hedhi. Pedi yatakiwa ibadilishwe kila baada ya saa 4 mpaka 8. Lakini mchumaji chai yumo katikati ya shamba tangu asubuhi, choo kiko mbali, naye hulipwa kwa kilo. Mshonaji yuko kwenye cherehani, na kwenda chooni sharti aombe ruhusa kwa msimamizi mwanamume, mbele za watu. Aseme nini? Hunyamaza na kukaa na kitambaa kilicholowa mpaka saa ya kutoka. Nyumbani hukifua na kukianika mafichoni, kisionekane na mtu. Hakipati jua, hubaki na unyevu, na mwenyewe hupata mwasho na maradhi.

Wako wasemao kwamba serikali imekwisha kulitazama jambo hili. Ni kweli, mwaka 2004 iliondoa kodi ya VAT juu ya pedi, na mwaka 2017 sheria iliamuru kila msichana aliyebaleghe katika shule ya serikali apewe pedi bila malipo. Twashukuru. Lakini sheria hiyo humwacha msichana kwenye lango la shule. Siku aanzapo kibarua, hedhi ni ile ile, na pedi anunue kwa mshahara usiotosha unga.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo yamtaka mwajiri aweke vyoo safi vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Ni nani kati yetu aliyekwenda kuvihesabu?

Hapa hatuwalaumu wenye kazi peke yao. Wengi wa wajumbe wetu wanaoketi na waajiri juu ya mkataba ni wanaume. Hudai nyumba, buti na makoti ya mvua bila hofu. Ikija habari ya hedhi, huinamisha vichwa na kusema, "Hayo ni mambo ya akina mama." Mwajiri hufurahi, maana deni lisilodaiwa halilipwi.

Wengine husema mila hairuhusu. Mila gani? Wazee wa pwani walimpa mwari somo wa kumfundisha habari za hedhi na usafi wake. Mila ilitaka adabu, haikutaka mtu aachwe aumie.

Mwezi wa Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Bungeni na doa jekundu kwenye suruali yake nyeupe. Wenzake walilalamika, akatakiwa atoke akabadili nguo. Ikiwa seneta hutolewa nje, kibarua wa shamba atapata wapi wa kumtetea kama si chama chake? Wenzetu wa Zambia waliandika katika sheria yao ya kazi ya 2019 kwamba mwanamke apumzike siku 1 kila mwezi bila cheti cha daktari. Hawakuona haya.

Basi twataka haya yaandikwe katika kila mkataba:

1. Choo cha wanawake karibu na mahali pa kazi, chenye komeo, maji, sabuni na pipa lenye kifuniko.
2. Ruhusa ya kwenda chooni bila maswali na bila kukatwa mshahara.
3. Pedi ziwekwe kazini kama dawa za huduma ya kwanza zinavyowekwa.
4. Wanawake wawemo kati ya wajumbe wanaoketi na mwajiri.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika mkutano ujao wa kila tawi, katibu na alisome tangazo hili kwa sauti, neno kwa neno, asiruke hata moja.

UMOJA NI NGUVU!