Guangzhou: Wakubwa Wabadilishana Wanafunzi, Sisi Je?

Mjini Guangzhou, kusini mwa China, kuna Chuo cha Lingnan, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Chimbuko lake ni shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1888. Baada ya Wakomunisti kushika madaraka, Lingnan ilivunjwa mwaka 1952; jina likarudi mwaka 1988. Mwaka 1999 kikaanza kushirikiana na MIT ya Marekani kufundisha shahada ya uzamili ya biashara. Baadaye wanafunzi wa pande zote mbili wakawekwa kundi moja, wakitafuta ufumbuzi wa matatizo ya makampuni halisi ya China.

Wakubwa hawa hawapendani. Julai 2020 Rais Donald Trump aliamuru mpango wa Fulbright kwa China na Hong Kong usitishwe. Wamarekani waliokwenda kusoma China walikuwa zaidi ya 11,000 mwaka wa masomo 2018/19; kufikia 2021/22, baada ya korona, walibaki 211. Hata hivyo, Novemba 2023 Rais Xi Jinping alitangaza akiwa San Francisco kwamba China iko tayari kupokea vijana 50,000 wa Kimarekani katika miaka mitano. Wanajua kwamba huwezi kushindana na mtu usiyemjua.

Sisi je? Mwaka 2018 China ilihesabu wanafunzi 81,562 kutoka Afrika. Idadi ni kubwa, na wengi wamerudi na elimu nzuri. Lakini vijana wetu huenda kwa ufadhili au kwa fedha za wazazi. Wachina wangapi wanakuja kusomea biashara katika vyuo vyetu? Kupelekwa si kubadilishana.

Chuo chetu cha biashara Guangzhou ni mtaa wa Xiaobei. Hapo mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kampala hujifunza bei, mizigo na mikataba kwa mtaji wake mwenyewe, na ada yake ni hasara. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walifukuzwa katika nyumba na hoteli za mji huo, wakalala nje. Mabalozi wa Afrika waliandika barua ya kulalamika, lakini walalaji wa barabarani hawakuwa na chuo wala chama chenye nguvu cha kuwasemea siku ile ile.

Wachina nao wamekuja Kariakoo. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, yakiwemo maduka ya rejareja. Tunaelewa kilio cha wachuuzi wetu. Lakini amri haimfundishi mtu yeyote namna bidhaa inavyotoka kiwandani Guangdong hadi kufika Dar es Salaam kwa bei ile.

Wachina wanafundisha Kiswahili Beijing tangu miaka ya 1960. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Nairobi mwaka 2005 na Dar es Salaam mwaka 2013, nayo pia ni mpango wao.

Kwa hiyo tunawaambia wakuu wa vyuo vyetu: mkitia saini tena na Wachina, msiombe majengo peke yake. Dai nafasi za wanafunzi wa biashara Guangzhou, na wao walete wao wakae Kariakoo muhula mzima, wafundishwe na walimu wetu. Asiyejua atokako mwenzake, kila siku atauziwa kwa bei ya mwenzake.