Tukizindua maji safi, majitaka yaende wapi?

Wanasiasa wetu wanapenda sana kukata utepe kwenye miradi ya maji. Bado sijamsikia aliyepanda jukwaani akajinadi kwamba atatuletea bomba la majitaka. Huko hakuna makofi. Lakini hebu tufanye hesabu ndogo tu, ya darasa la tano.

Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ilipopanuliwa ilipewa uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku. Wahandisi huchukulia kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayotumika nyumbani hugeuka majitaka. Toa yale yanayovuja njiani, bado ni mamilioni ya lita kila siku ya Mungu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, na wengi mno kati yao hawajaungwa kwenye bomba la majitaka. Wanategemea vyoo vya shimo na makaro. Kwa hiyo kila tunapozindua maji safi tunazindua na majitaka, ila hayo hayana utepe.

Sasa wadau, msidhani kusafisha majitaka ni sayansi ya kwenda mwezini. Pale Vingunguti kuna mabwawa, na kazi kubwa inafanywa na jua pamoja na vijidudu. Katika mfumo wa namna hiyo, bwawa la kwanza huwa la kina kirefu, halina hewa. Uchafu mzito unazama, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanautafuna. Bwawa la pili halina kina sana, mwani unaota juu, na mchana unatoa oksijeni ya kuwalisha bakteria wengine. Mabwawa ya mwisho ni ya kina kifupi ili jua lipenye na kuua vimelea, huku mayai ya minyoo yakizama chini. Hakuna umeme wala dawa ya kuagiza Ulaya. Watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia kazi mabwawa haya kwa miaka mingi, pamoja na bustani za matete zinazochuja majitaka.

Tatizo ni kwamba mfumo huu unadai vitu viwili: eneo na muda. Tope likijaa bila kuondolewa, maji yanapita haraka na kutoka yakiwa hayajaiva. Yakitoka Vingunguti yanaingia Mto Msimbazi. Na bondeni humo humo ndiko inakolimwa mchicha unaouzwa mjini. Msomaji, mchicha hauulizi kama mlaji ana digrii.

Kuna aibu nyingine tusiyopenda kuisema. Mvua kubwa ikishuka, kuna watu wanatapisha vyoo vyao ili mafuriko yabebe. Si wa uswahilini peke yao. Hata wenye nyumba za vigae na mageti makubwa wamo, maana gari la kunyonya lina gharama na mvua ni bure. Kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015 kisha kikasambaa mikoani, tuliwakimbilia mama lishe na wauza matunda. Wao walikuwa rahisi kuwakamata. Aliyetapisha choo usiku nani alimgusa?

Msimamo wangu ni huu. Kila mradi wa maji safi uje na jibu la majitaka yake, kwenye bajeti ile ile, si ahadi ya awamu ijayo. Mabwawa yaliyopo yatolewe tope kwa ratiba, na maeneo yake yalindwe dhidi ya wavamizi. Anayejenga ghorofa lenye familia arobaini aonyeshe uchafu wake utaishia wapi kabla hajapewa kibali. Na kwa mitaa ambayo bomba kubwa halitafika leo wala kesho, zijengwe sehemu ndogo za kutibu majitaka karibu na watu, na gharama ya kunyonya choo ishuke hadi mpangaji wa chumba kimoja aimudu. Ukimtoza bei ya kumkomoa, atasubiri mvua.

Dunia ilijiwekea lengo la kupunguza kwa nusu majitaka yasiyotibiwa ifikapo 2030, na sisi tulikubali. Basi mgombea akija kuomba kura na habari za maji bombani, mpigieni makofi, halafu mwulizeni swali la pili: yakishatumika, yanakwenda wapi?

Nawasilisha.