Filamu na Subira ya Mwanafunzi

Ni kweli kwamba filamu zimewahadaa vijana wengi, wakadhani kuwa umahiri wa kupigana hupatikana kwa siku chache. Walakini insafu yatutaka tuistahi ile ya mwaka 1978, The 36th Chamber of Shaolin, ambayo mwongozaji wake, Lau Kar-leung, aliyefunzwa kung fu na baba yake mzazi, aliijaza taabu za mwanafunzi: kutumbukia majini kwa kukosa mizani, kubeba ndoo kwa mikono iliyonyooshwa, na kurudia yale yale hadi mwili utii. Basi kijana aliyevutwa na filamu asidharauliwe; mwalimu na ampokee kwa hisani, kisha amfahamishe kwamba shauku isiyo na subira wala adabu haimfikishi mtu kwenye umahiri.