Mtunzeni Angali Akicheza

Kwetu pwani mwimbaji wa taarabu hangojeshwi tuzo yake hadi kesho. Hutunzwa palepale, wimbo ungali kinywani: mtu huinuka kitini, akajongea kwa madaha, akamtia noti mkononi, na ukumbi mzima ukaona. Sijapata kusikia mahali ambapo watu walingoja sauti ya mwimbaji ikauke ndipo wapitishe bakuli la mchango. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee, nao walikusudia atunzwe akicheza. Katika michezo ya siku hizi, hasa ya wanawake, tumeupindua utaratibu huo. Nataka basi kusema nanyi, ndugu zangu, kwa habari za mwanamke mmoja aliyecheza kwao, akacheza na ugenini, akashinda kote, na tuzo yake ikamfikia akiwa mzee na mgonjwa.

Huyo ni marehemu Althea Gibson. Alizaliwa mwaka 1927 huko Silver, katika jimbo la South Carolina, Marekani, kwa wazazi waliolima pamba katika shamba la mtu mwingine, akakulia Harlem, New York. Alikuwa mtoro wa shule na mgomvi, na baba yake alimfundisha ngumi ili asionewe na wahuni. Barabara ya 143, walikokaa, ilikuwa ikifungwa magari yasipite ili watoto wapate pa kuchezea, na hapo ndipo aliposhika kibao cha mbao akaanza kupiga mpira. Mwanamuziki wa mtaani, Buddy Walker, akamnunulia raketi. Wanachama wa Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya Weusi wa Harlem, wakachanga fedha ili afundishwe na Fred Johnson, mwalimu aliyekuwa na mkono mmoja tu. Baadaye madaktari wawili Weusi wakagawana malezi yake: Hubert Eaton wa Wilmington alimweka nyumbani kwake wakati wa masomo, na Robert Walter Johnson wa Lynchburg alimchukua wakati wa kiangazi ampeleke mashindanoni. Waangalieni vizuri waliotoa. Wote walikuwa watu wa kwao.

Hadi mwaka 1950 mashindano ya taifa ya Marekani, yaliyokuwa yakichezwa Forest Hills, hayakuwahi kumpokea mchezaji Mweusi, mume wala mke. Sheria ya kuwakataza haikuandikwa popote. Lakini ili ualikwe ilikupasa kwanza uonekane katika mashindano ya klabu za Wazungu, na klabu hizo hazikuwataka Weusi. Alice Marble, Mzungu aliyekuwa bingwa wa zamani, aliwaaibisha wenzake katika jarida la American Lawn Tennis mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti Gibson akaingia uwanjani. Katika raundi ya pili alipambana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, na Gibson alikuwa mbele 7-6 katika seti ya tatu radi ilipopiga, ikaangusha sanamu ya tai iliyokuwa juu ya uwanja, na mvua ikakatiza mchezo. Kesho yake Brough akashinda 9-7. Mshirikina angekuwa na mengi ya kusema juu ya tai yule.

Miaka sita baadaye Gibson alitwaa ubingwa wa Ufaransa, Mweusi wa kwanza kushinda taji kubwa la tenisi. Mwaka 1957 akamshinda Darlene Hard katika fainali ya Wimbledon, 6-3, 6-2, akapokea sinia la ubingwa mikononi mwa Malkia Elizabeth. Aliporudi, New York ilimpitisha Broadway katika gari la wazi huku vipande vya karatasi vikimwagwa kutoka madirishani. Mwaka ule akashinda na Forest Hills, na mwaka 1958 akayatetea mataji yote mawili. Ukihesabu na ya wawili wawili na ya mchanganyiko, ni mataji makubwa 11.

Na fedha je? Kwa mataji hayo yote hakupata hata senti ya zawadi. Hadi mwaka 1968 mashindano yale yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, na aliyecheza kwa malipo alifungiwa mlango. Sheria hiyo ilitungwa na watu ambao tenisi kwao ilikuwa burudani ya alasiri baada ya chai. Kwa mwenye mashamba ni sheria ya heshima. Kwa binti wa mkulima wa pamba ni amri ya kufa njaa kwa adabu. Kwa hiyo bingwa wa dunia, mwenye umri wa miaka 31, aliacha mashindano akiwa kileleni akatafute mkate. Alitoa sahani ya santuri. Aliigiza katika filamu moja na John Wayne, akapewa nafasi ya mtumwa wa nyumbani. Alizunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters akicheza tenisi ya maonyesho, na alipojaribu kuandaa ziara yake mwenyewe alipata hasara. Mwaka 1964 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza katika gofu ya kulipwa, na kwenye baadhi ya klabu alikatazwa kuingia ndani, akabadilisha viatu garini.

Yapo na madai mengine aliyobebeshwa, ambayo kwangu ndiyo mazito zaidi. Serikali ya Marekani ilimpeleka Asia mnamo 1955 na 1956, India, Pakistan, Burma na kwingineko, ili aonyeshe uso mzuri wa nchi, wakati nchini humohumo zilikuwapo hoteli zisizompa chumba. Upande wa pili, baadhi ya magazeti ya Weusi yalimlaumu kwamba hasemi vya kutosha juu ya haki za watu wake. Kila mtu alikuwa na kazi ya kumpa. Mie naona walikosea wote, ingawa wa pili walikuwa na uchungu wa haki. Mchezaji akitaka kusema, aseme, na tumsikilize. Lakini kumdai msimamo, mfano bora, unyenyekevu na tabasamu mtu usiyemlipia hata nauli ni dhuluma.

Miaka ya 1990, baada ya kupatwa na kiharusi, aliishi peke yake East Orange, New Jersey, akishindwa kulipa kodi na dawa. Alimpigia simu Angela Buxton, Mwingereza Myahudi waliyeshinda pamoja mataji ya wawili wawili ya Paris na Wimbledon mwaka 1956, kumuaga, maana alikuwa amefikia kutaka kujiua. Buxton alipeleka habari katika jarida la tenisi bila Gibson kujua, na fedha zikamiminika kutoka nchi mbalimbali, karibu dola milioni 1. Gibson alifariki mwaka 2003. Sanamu yake ilisimamishwa New York mwaka 2019. Fedha hizo zilikuwa neema, na waliotoa Mungu awalipe. Lakini zilikuwa wapi mwaka 1958?

Mtaniambia hayo yamepita, na mwaka 2025 bingwa wa Wimbledon alipewa pauni milioni 3, mwanamke sawa na mwanamume kama ilivyo tangu 2007. Ni kweli kwa walio juu kabisa. Walio chini yao tenisi haiwapi mshahara wa klabu kama soka: aliyeshindwa mapema huondoka na kidogo, aliyeumia hana kitu, na ndege, kocha, hoteli hata nyuzi za raketi mara nyingi hutoka mfukoni mwake. Chama cha wachezaji wanawake kiliundwa mwaka 1973, na mfuko wa kuwalipa wanapojifungua ulianza 2025. Wengine watasema huu ni mchezo wa matajiri, sisi tuna njaa. Nawajibu: Harlem nayo ilikuwa na njaa, na ilichanga.

Hapa Afrika Mashariki tunaye Angella Okutoyi wa Kenya, aliyeshinda taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra mwaka 2024. Lakini chuo kikuu kilichomchukua asome na acheze hakiko kwetu, kiko Auburn, jimbo la Alabama, Marekani. Wako wadogo zake wengi wanaookota mipira pembeni mwa viwanja vya klabu zetu na kuazima raketi wanachama wakishaondoka. Enyi viongozi wa vyama, wafunguliwe viwanja saa ambazo havina mtu. Enyi wenye makampuni, mkataba na binti uandikwe kwa miaka, wala usikatwe siku anapoumia goti au anapopata mtoto. Nanyi wazazi, binti akichelewa mazoezini msimwulize kwanza ataolewa na nani. Na kiongozi atakayekwenda uwanja wa ndege kupiga picha na kombe, waandishi wenzangu, mwulizeni palepale, mbele ya kamera: tiketi ya mashindano yanayofuata imelipwa na nani?