TAHARIRI: SAFU YA "SABABU" IFUTWE



Ile karatasi iliyokuwa upande wa kushoto wa ubao huu, chini ya bei ya pamba, imeondolewa. Wengi mmeuliza nani kaing'oa. Tumeing'oa sisi wenyewe, ofisi ya Tawi pamoja na Mwenyekiti wa Kijiji, asubuhi mapema kabla watu wa mzani hawajafika. Wapo walioanza kusema kwamba kuna fedha imeliwa na sasa tunaficha. Basi tunaeleza.

Karatasi ilikuwa na majina ya wenzetu ambao mfuko wa ushirika umewasaidia matibabu msimu huu. Mfuko mnaujua, ni ile fedha kidogo tunayokatana wakati wa kuuza ili asiye na uwezo naye atibiwe. Tulichora safu nne: namba, jina, kiasi, sababu. Tukajaza zote kwa mwandiko mzuri. Katika safu ya sababu tukaandika ugonjwa wa kila mtu. Hatutayarudia hapa tuliyoyaandika, kwa maana tukiyarudia tutakuwa tumeibandika karatasi mara ya pili.

Ndugu, hatukuwa na nia mbaya. Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima, na tuliambiwa soma ili karani wa mzani asikuibie. Tangu hapo tumezoea kwamba kila kitu cha ushirika kiandikwe na kibandikwe, kila mtu akione. Mazoea hayo ni mazuri na yametuokoa mara nyingi. Lakini gunia la pamba halioni haya likitajwa mbele za watu. Mgonjwa anaona haya.

Yaliyofuata mnayajua. Watoto kisimani walishaanza kuwatungia wenzao majina. Na kutoka zahanati tumeambiwa, bila kutajiwa jina na sisi hatukuuliza, kwamba tangu karatasi ibandikwe wapo ambao siku yao ya kuchukua dawa ilipita wasionekane. Jambo hili ndilo lililotunyima usingizi. Mtu wa kifua kikuu kwa kawaida anameza dawa miezi sita bila kukatiza. Akikatiza, vijidudu vinaweza kuwa sugu, dawa ile ya kawaida isivishinde tena, na yeye anaendelea kukohoa ndani ya nyumba yenye watoto. Mwenye virusi vya UKIMWI naye, akimeza dawa zake vizuri mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Akiziacha kwa kuogopa macho ya watu, virusi vinaamka. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba siri ya mgonjwa ni jambo la mgonjwa peke yake. Aibu tuliyoibandika hapa inaweza kuingia nyumba ambayo haikutajwa kabisa.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana hoja yao ina uzito. Mzee mmoja alisema pale ghalani, "Fedha ni yangu, nataka nijue imekwenda kwa nani." Kweli kabisa. Mwingine akasema mbona majina ya TASAF yanasomwa mkutanoni, watu wote wanasikia, na hakuna aliyekufa. Nalo ni kweli. Tena tusisahau kwamba siri imewahi kuwa kichaka cha wezi: tulishawahi kukuta katika orodha ya wasiojiweza mtu mwenye ng'ombe wa kuhesabu mpaka uchoke, eti kwa sababu ni shemeji wa mjumbe. Aliyemwona ni mwanachama wa kawaida, alisoma tu ubaoni.

Lakini hebu tutenganishe mambo mawili. Umaskini wa mtu hapa kijijini hauna siri. Paa lake tunaliona, shamba lake tunalijua, akiomba chumvi tunasikia. Ugonjwa wake ni jambo jingine. Aliyesema fulani hana kitu hajatoa habari mpya. Aliyesema fulani anaumwa kitu fulani ametoa kitu ambacho si chake.

Na sheria inasema hivyo hivyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda maisha ya mtu ya faragha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri, na mtumishi wa afya anayeyatoa ovyo anatenda kosa. Mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi linalohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Kijiji alituambia hizo ni sheria za madaktari, sisi wa kijiji hazituhusu. Hapana ndugu. Daktari akikaa kimya halafu katibu akaandika ukutani, hiyo siri imebaki wapi?

Jambo hili halitaisha leo. Serikali ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama hospitalini mwaka 1993, iliweka na msamaha kwa wasiojiweza. Mwaka 2023 imepitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inawataja wasio na uwezo. Sheria yo yote itakayokuja, swali litarudi palepale: nani hana uwezo? Wa wizarani hamjui bibi wa kitongoji cha juu. Sisi tunamjua. Kwa hiyo orodha tutaendelea kuandika, na inafaa tujifunze kuiandika bila kumvua mtu nguo.

Maoni yetu ni haya, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio utakaoamua. Kwanza safu ya sababu ifutwe katika daftari lo lote la kijiji na la ushirika. Zahanati ikisema huyu anahitaji matibabu, inatosha. Ubaoni tubandike idadi ya watu waliosaidiwa na jumla ya fedha iliyotoka, mpaka senti ya mwisho. Majina yakae katika daftari moja, likaguliwe na watu watano ambao mkutano utawachagua, na angalau wawili wawe akina mama, wala asiwemo katibu wala mwenyekiti. Mwanachama anayeshuku upendeleo aende kwa hao watano, aseme jina analolishuku, wao wampe jibu. Tunajua njia hii ina kasoro. Watano nao ni binadamu, wana mashemeji. Ndiyo maana tunapenda wabadilishwe kila mwaka, na vigezo vya nani hana uwezo vijadiliwe mkutanoni kwa sauti, kila mtu asikie na abishe: mifugo, shamba, nani anamtunza, ana watoto mjini wanaotuma fedha au hana.

Jumla ya fedha ya msimu huu iko chini ya tahariri hii, kwa wino mwekundu. Anayetaka kuona stakabadhi aje ofisini na mhasibu atamwonyesha hesabu, majina yakiwa yamefunikwa.

Limebaki la kuomba radhi. Tulipanga kupita nyumba kwa nyumba kwa wale tuliowaandika. Mama mmoja wa kamati akatucheka, akasema, "Jamani, mkipita nyumba hizo tu, si mtakuwa mnawaonyesha tena?" Tukanyamaza. Basi tunaomba radhi hapahapa ukutani tulipokosea, bila kumtaja mtu. Karatasi yenyewe tumeichoma katika jiko la ofisi, Mwenyekiti akiwapo.