Roboti ya Huduma Isimuulize Manusura Ushahidi Kwanza

Dhuluma za mtandaoni mara nyingi huishia kwa simu ya pesa. Mtu anatishia kuanika picha za siri za mwanamke kwa grupu ya familia, halafu anataja kiasi na nambari ya kutumiwa. Mwingine akishablokiwa kila mahali, anaweza kutuma shilingi 10, tena 10, ili tu jina lake litokee kwa meseji. Kwa hivyo mambo haya yanatuhusu pia sisi tunaohudumia pesa zako.

Siku hizi huduma nyingi kwa wateja hujibiwa na roboti za akili unde. Sasa, anayetishwa akiandika saa nane usiku, roboti itamjibu nini?

Ikimwambia "ambatisha ushahidi" au "eleza tena", imemuumiza mara ya pili. Mwenye kiwewe husimulia kwa vipande, husahau tarehe, huandika kisha akafuta. Hiyo si dalili ya uongo. Roboti nzuri huanza kwa kumwamini: "Si kosa lako. Uko salama sasa hivi?" Haimuombi zile picha. Ikimpeleka kwa mhudumu binadamu, haimlazimishi kuanza hadithi upya.

Wengine watauliza: mbona roboti isiripoti polisi papo hapo? Tunapinga. Huenda mtesi ni mume, na simu huishika yeye kila jioni. Meseji moja tu ya "ripoti yako imepokelewa" inaweza kumletea mke kipigo. Mtesi alishamnyang'anya uamuzi. Sisi tusimnyang'anye tena. Aulizwe kwanza tumtafute vipi, saa ngapi, kwa nambari gani. Huo ndio ufeministi tunaotaka ndani ya mashine: mwenye shida awe ndiye mwenye usemi.

Ndiyo, maswali ya kuthibitisha akaunti yana kazi yake, maana walaghai wapo. Lakini kuthibitisha jina lako ni jambo moja, kuthibitisha uchungu wako ni lingine.

Kwa sasa, ukitishwa:

- Usikimbilie kulipa. Anayelipwa mara moja huwa anarudi.
- Kabla ya kufuta, piga picha ya skrini ya meseji, nambari yake na nambari ya muamala.
- Kusambaza picha za utupu za mtu ni kosa chini ya kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, jela hadi miaka 2, au zote mbili. Ukiamua kuripoti kituoni, chukua nambari ya OB.
- Kama umefika miaka 18, StopNCII.org hutengeneza alama ya kidijitali ya picha humo humo kwa simu yako, bila picha yenyewe kutoka, ili mitandao inayoshirikiana nayo iizuie.
- Piga 1195, bila malipo.

Na hakuna roboti wala mhudumu anayefaa kukuomba PIN, hata akisema anakusaidia.